Klabu ya Kusoma katika Shehia: Mwongozo kwa Wanaotaka Kuianzisha Unguja na Pemba

Mtoto wa Zanzibar hana upungufu wa madarasa. Asubuhi au mchana huwa skuli, kwa kutegemea mkondo aliopangiwa. Wakati uliobaki huenda chuoni kusoma Kurani. Na mtihani wa taifa unapokaribia, wazee wake humtafutia masomo ya ziada ya jioni. Kwa hiyo anayetaka kuanzisha klabu ya kusoma katika shehia yake hapana budi ajiulize mapema ni kitu gani klabu hiyo itampa mtoto ambacho hakipati katika sehemu hizo tatu. Jibu langu ni kwamba itampa nafasi ya kusoma kitabu kwa sababu anataka kujua kinachofuata, bila ya alama, bila ya fimbo, na bila ya kuulizwa maswali ambayo anayeuliza tayari anayo majibu yake. Ushauri wote uliomo humu unatokana na jibu hilo, na pale nitakapokataa jambo ambalo klabu nyingi hulipenda, kama vile mashindano ya kuhesabu vitabu vilivyosomwa, sababu itakuwa ni hiyohiyo.

Idhini, mahali na wakati

Kabla hujatafuta kitabu hata kimoja, nenda kwa sheha. Mweleze ni watoto wa umri gani watakaokuja, watakaa wapi, siku gani, na nani atakuwa pamoja nao. Sheha akiwa na habari, hakuna atakayeshangaa kuona watoto wamekusanyika kwenye barza ya mtu ambaye si mwalimu wao. Baada ya hapo nenda kwa mwalimu wa chuo, ambaye waanzishaji wengi humsahau ingawa yeye ndiye anayewajua watoto wa mtaa mzima kwa majina, na neno lake moja kwa wazee lina uzito kuliko tangazo lolote litakalobandikwa ukutani. Muulize chuo chake hupumzika siku gani, kwani hazifanani kila mahali, kisha upange vikao vyako katika siku hizo ili mtoto asilazimike kuchagua kati ya klabu na Kurani. Akilazimika kuchagua, klabu itashindwa, na ni haki ishindwe.

Mwalimu mkuu wa skuli naye ni wa kushirikishwa, hasa ikiwa huna mahali pengine ila darasa lililo tupu siku ya Jumamosi. Hata hivyo, kwa maoni yangu, klabu changa ifanyike nje ya skuli kila inapowezekana, kwa sababu mtoto anapoketi kwenye dawati lilelile la kila siku huinua mkono kabla ya kusema na husubiri kusahihishwa. Barza pana, ukumbi wa nyumba au kivuli cha mwembe vinatosha kabisa. Tandikeni mikeka badala ya kupanga viti. Watoto waketi duara, na msimamizi aketi chini pamoja nao.

Katika maeneo ambayo skuli zina mikondo miwili, saa za jioni za siku za wiki zitakunyima nusu ya watoto, kwa hiyo asubuhi ya Jumamosi au ya Jumapili huwa na salama zaidi. Ukichagua jioni, anza baada ya sala ya alasiri na umalize mapema, ili kila mtoto awe ameshafika kwao kabla ya magharibi. Saa moja inatosha kwa watoto wadogo, na kwa wakubwa usizidishe saa moja na nusu.

Katika kila kikao wawepo watu wazima wawili, mmoja wao awe mwanamke, na asibakishwe mtoto yeyote peke yake na msimamizi, hata kwa dakika chache za kutafuta kitabu. Watoto walio chini ya miaka 12 wanaweza kukaa pamoja, wavulana na wasichana. Kwa waliozidi hapo, waulize wazee wao. Katika shehia moja watakubali vikundi viwili kwenye barza moja, na katika nyingine watataka siku tofauti. Wape wanachotaka, kwa sababu msichana aliyeruhusiwa kwa masharti atakuja, na yule ambaye wazee wake wana wasiwasi atazuiwa kimyakimya na hutajua sababu.

Anza na watoto wanane hadi 12. Wakija 30 siku ya kwanza, na hilo hutokea, waandike majina yao, chukua wa mwanzo, na waambie waliobaki ukweli kwamba kikundi cha pili kitaanza atakapopatikana msimamizi wa pili.

Kupata vitabu na kuvichagua

Klabu haihitaji kabati lililojaa. Vitabu 20 vilivyochaguliwa vizuri, baadhi yao vikiwa na nakala mbili au tatu, vitawatosha watoto 12 kwa miezi mingi. Mjini Unguja, Maktaba Kuu iliyopo Maisara, iliyo chini ya Shirika la Huduma za Maktaba Zanzibar, ni pa kuanzia, na kwa Pemba ipo maktaba ya Chake Chake. Fika mwenyewe uulize utaratibu wa uanachama na wa kuazima. Kwa hadithi fupi za watoto wadogo, mradi wa African Storybook wenye makao yake Afrika Kusini umeweka kwenye intaneti hadithi nyingi zenye picha, zikiwemo za Kiswahili, kwa leseni huria inayoruhusu kuzichapisha na kuzigawa bure. Hadithi ya kurasa 12 ikichapwa kwenye karatasi na kushonwa katikati kwa uzi mnene ni kitabu kamili, na mtoto hataona tofauti.

Kuwa mwangalifu na misaada ya vitabu. Mtu mwenye nia njema atakuletea maboksi ya vitabu vya Kiingereza vilivyoachwa na watoto wa ng'ambo, vinavyozungumzia theluji na sherehe zisizojulikana hapa. Chagua vichache vyenye picha nzuri, mengine yakatae kwa heshima. Kabati lenye vitabu 200 visivyosomeka humfundisha mtoto kwamba vitabu si vyake. Lugha ya klabu iwe Kiswahili. Kiingereza kina wakati wake, na mtoto aliyezoea kufurahia kitabu kwa lugha anayoiota usiku atakifuata kwa miguu yake mwenyewe.

Kipimo chepesi cha kujua kama kitabu kinamfaa mtoto ni cha vidole. Mpe kitabu afungue ukurasa wowote wa katikati, asome polepole, na kila akikutana na neno asilolijua akunje kidole kimoja. Vidole vitano vikikunjika kabla ya ukurasa kwisha, kitabu hicho kimsubiri. Asipokunja hata kimoja, bado anaweza kukichukua, kwani kusoma kitabu chepesi si dhambi, na watu wazima hufanya hivyo kila siku kwa magazeti.

Chanzo kingine ambacho aghalabu hukisahau ni wazee wa shehia wenyewe. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London mkusanyiko wa hadithi alizozipata kutoka kwa watu wa Unguja, na kwa hivyo ngano zilizokuwa zikihadithiwa usiku majumbani zikaingia kitabuni. Watoto wenu wanaweza kufanya kazi kama hiyo. Mwambie kila mmoja amwombe bibi au babu yake amhadithie hadithi moja, aiandike kwa maneno yaleyale aliyoyasikia, achore picha mbili tatu, na mshone kitabu pamoja. Mhadithiaji aandikwe jina lake juu ya jalada. Kitabu cha namna hiyo huazimwa kuliko vyote, na bibi aliyeona jina lake limeandikwa hatamzuia tena mjukuu wake kuja klabu.

Kuhusu utunzaji, adui wa vitabu visiwani ni unyevu, na wakati wa masika ukungu hushika jalada kwa wiki chache tu. Vitie majalada ya karatasi ngumu au ya plastiki, weka kabati mbali kidogo na ukuta na juu ya matofali ili hewa ipite na mchwa waonekane, usivifungie vitabu kwenye mifuko ya nailoni, na siku ya jua viweke wazi kivulini penye upepo, si juani, kwa kuwa jua kali hukausha gundi na kurasa zikaachana.

Kikao chenyewe

Fungua kwa vitendawili. Msimamizi akisema "Kitendawili!" na duara likajibu "Tega!", hata mtoto mwenye haya huwa ameshatoa sauti yake mara moja, na aliyekwisha kutoa sauti ni rahisi kuitoa tena. Dakika tano zinatosha. Waacheni watoto watege wenyewe, na anayeshindwa atoe mji kama kawaida.

Kisha msimamizi asome kwa sauti kwa dakika 15 hivi. Hii ndiyo nguzo ya kikao, nayo inahitaji matayarisho: soma hadithi nyumbani mara mbili, ujue wapi pana kicheko, wapi pana hofu, na ni wapi utakaponyamaza. Mpe kila mhusika sauti yake. Inua kitabu picha ionekane, lakini usisimame kueleza kila neno gumu, kwa sababu neno likikaa mahali pake katika hadithi mara nyingi hujieleza lenyewe. Hadithi ndefu ikate pale ambapo mlango umegongwa na haijulikani nani aliyepo nje. Watapiga kelele, na watarudi wiki ijayo. Usomaji wa sauti una nasaba na maisha ya hapa, ambapo watu hukusanyika kusikiliza maulidi, utenzi na hadithi za usiku, na kwa hivyo sioni kwa nini klabu ianze kwa kumlazimisha mtoto asome kimya pembeni, jambo ambalo ni geni zaidi kwake na huja baadaye.

Lipo jambo moja ambalo msimamizi wa Unguja na Pemba anapaswa kulichunga kuliko mwenzake wa kwengine. Watoto wengi wa hapa wamelelewa katika kisomo cha chuoni, ambacho huwajengea kumbukumbu imara, sauti nzuri na ujasiri wa kusoma mbele ya watu. Hiyo ni mali kubwa, nayo itumike. Lakini mtoto huyo anaweza kukusomea ukurasa mzima wa hadithi ya Kiswahili kwa ufasaha na mapumziko sahihi, na ukimuuliza sungura alikuwa akimkimbia nani, asijue. Amesoma kama alivyozoea kusoma, akishughulikia matamshi kwanza. Usimkosoe kwa hilo. Msifu kwa sauti yake, kisha umwombe afumbe kitabu na awahadithie wenzake kwa maneno yake mambo yaliyotokea katika ukurasa ule, na wenzake wamkatize kwa kuuliza. Baada ya vikao vichache utaona anaanza kupunguza mwendo mwenyewe.

Mtoto ambaye hajui kusoma vizuri, na katika kila kikundi watakuwepo, hata miongoni mwa walio darasa la tano, asiitwe kusoma peke yake mbele ya duara. Mwoanishe na mwenzake mwenye subira. Mmoja asome sentensi, mwengine airudie huku akifuatisha maneno kwa kidole. Au mpe kazi ya kuhadithia picha kabla ya maandishi kusomwa. Anapokwama, hesabu kimya hadi tano kabla ya kumsaidia, na umsaidie kwa kumpa neno, bila ya kumwambia alitamke mara tatu.

Mazungumzo yanayofuata yawe mazungumzo kweli. "Mhusika mkuu ni nani?" na "Hadithi hii inatufundisha nini?" ni maswali ya mtihani, na mtoto atayajibu kwa sauti ya mtihani. Uliza ni nani katika hadithi asingependa kumwalika kwao, ni wapi angefanya tofauti, ni mahali gani hakusadiki. Sungura akimdanganya fisi, waulize nani kati yao angemwambia fisi ukweli, na usubiri. Kimya cha mwanzo kitakutia hofu, lakini kivumilie. Mtoto akitoa jibu usiloliafiki, muulize ni ukurasa upi uliomfanya afikiri hivyo, kwa vile kurudi kitabuni kutafuta ushahidi ni faida kubwa kuliko kukubaliana na msimamizi. Na azungumze kwa lahaja ya kwao. Mtoto wa Makunduchi, wa Tumbatu au wa Micheweni atakuwa mwerevu mara mbili zaidi akiachiwa aseme kama wanavyosema nyumbani, na kitabu chenyewe kitampa Kiswahili sanifu bila ya wewe kumsahihisha katikati ya sentensi.

Zilizobaki ziwe dakika za kusoma kila mtu chake, juu ya mkeka, amekaa au amelala kifudifudi, na wasimamizi nao wasome vitabu vyao badala ya kutazama simu. Mtoto aruhusiwe kukiacha kitabu ambacho hakimpendezi baada ya kurasa kumi. Wazee watakuambia kwamba hiyo ni kumfundisha uvivu, lakini mimi naona ni kumfundisha kuchagua.

Zawadi na mashindano ya nani amesoma vitabu vingi siyapendekezi. Mshindi huwa ni yuleyule aliyekuwa akisoma tangu mwanzo, wengine hujifunza kufunua kurasa haraka, na anayesoma polepole kwa kufikiri huonekana mzembe.

Vijana

Walio na umri wa miaka 13 na kuendelea hawataki kuketi na watoto wala kuchaguliwa kitabu. Waachie uamuzi, wewe ubaki na kazi ya kuwawekea mbele yao vitabu vitatu na kuwaeleza kila kimoja kwa dakika mbili, kisha wapige kura. Hadithi za upelelezi ni mlango mzuri, na bahati njema ni kwamba mlango huo wa Kiswahili ulifunguliwa hapahapa, na Muhammed Said Abdulla wa Makunduchi, ambaye kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale, kilichochapishwa mwaka 1960, kilimleta mpelelezi Bwana Msa kwa wasomaji. Kitabu cha namna hiyo kisomeni kwa sehemu, na kabla ya sura za mwisho kila kijana aandike kwenye karatasi jina la anayemshuku pamoja na dalili alizoziona. Zikunjwe, zihifadhiwe, zifunguliwe siku kitabu kinapokwisha. Nakala ikiwa moja tu, asome mmoja kwa sauti na wengine waandike dalili.

Kwa ushairi, diwani ya Kimbunga ya Haji Gora Haji wa Tumbatu, iliyotoka mwaka 1994, inafaa kwa sababu mashairi yake yana mafumbo ya kubishaniwa, na kikao kizima kinaweza kutumika kwa shairi moja. Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar aliyepata Tuzo ya Nobel ya Fasihi mwaka 2021, vijana wamemsikia na watamtaka. Riwaya yake iliyotafsiriwa na Ida Hadjivayanis kwa jina la Peponi inapatikana kwa Kiswahili tangu mwaka 2022, lakini ni kitabu cha watu wazima, na ningeiweka kwa wanafunzi wa kidato cha tano na cha sita pekee, baada ya msimamizi kukisoma chote.

Wazee wa wanafunzi wa kidato cha nne watakuja kukuomba mfanye vitabu vya mtihani. Kataa kwa upole, au tenga siku nyingine chini ya jina jingine, kwa kuwa siku klabu itakapogeuka masomo ya ziada, wale waliokuja kwa hiari wataanza kutafuta udhuru. Simu zisipigwe marufuku. Kundi la WhatsApp la klabu linafaa kwa kutuma ujumbe wa sauti wa ukurasa mmoja katikati ya wiki, ila wawemo wasimamizi wote wawili na namba za watoto wadogo zisitiwe.

Kazi bora ya kuwapa vijana ni kuwasomea wadogo. Kijana anayesita kusoma kwa ajili yake mwenyewe hujiandaa kwa bidii anapojua kwamba Jumamosi ataketi mbele ya watoto wa miaka sita wanaomwita kaka au dada na kumpa shikamoo.

Kuazima, misimu na kukabidhiana

Daftari moja linatosha: jina la mtoto, jina la kitabu, tarehe ya kutoka, tarehe ya kurudi. Usitoze faini. Waeleze wazee katika mkutano wa mwanzo kwamba kitabu kikipotea au kikilowa hawatadaiwa fedha. Mtoto atasaidia kutia majalada vitabu vingine, na mambo yatakwisha. Usipolisema hili waziwazi, wazee wenye kipato kidogo watawakataza watoto kuazima kwa kuogopa deni, na vitabu vitabaki safi kabatini bila ya msomaji.

Wakati wa Ramadhani fupisheni kikao au mkisimamishe. Pemba, msimu wa karafuu unapoingia, usishindane nao, kwani watoto watahitajika nyumbani. Badala yake ipelekeni klabu kwenye karafuu. Jioni watu wanapoketi kuchambua, kutenganisha karafuu na makonyo, mikono yao ina kazi na masikio yao yako wazi, kwa hiyo mtoto mmoja akae karibu na taa asome, wakibadilishana zamu kila sura. Ukiwa na siku moja tu ya kuialika shehia nzima isikilize watoto wakisoma, ichague tarehe 7 Julai, ambayo UNESCO imeitangaza kuwa Siku ya Kiswahili Duniani.

Msimamizi ataolewa, atahama au atapata kazi mjini. Tangu mwezi wa kwanza awepo msaidizi anayejua kuongoza kikao tangu vitendawili hadi kuazima, na awe ameongoza peke yake angalau mara chache wakati mwenyewe yupo. Orodha ya vitabu iandikwe nakala mbili, ufunguo wa kabati nao uwe nakala mbili, nakala moja moja ikae kwa msimamizi na nyingine kwa mzee wa mtaa ambaye hahami.